Likizo ya Juni inakaribia: watoto wetu wanakosa kazi kwa sababu hatuwaandai

#1 MamaUyole

Habari za jioni wanajukwaa.

Nina kijana wa miaka 17. Kamaliza kidato cha nne Novemba, anasubiri kupangiwa kidato cha tano, na tangu Desemba yupo tu nyumbani. Mdogo wake wa kike ana 15, yuko kidato cha pili, anafunga Juni.

Jumamosi nilimchukua kaka mtu tukazunguka Mwanjelwa na Kabwe kutafuta kazi ya kumshikilia mpaka Julai. Tuliingia maduka sita, na kote mimi ndiye niliyeongea. Yeye kasimama nyuma yangu, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi, mikono mfukoni. Duka la tano, la vifaa vya umeme, yule baba alimtazama akamuuliza, "Kazi unaitaka wewe au anaitaka mama?" Mtoto akajibu, "Mama."

Kwenye daladala la kurudi Uyole hakufungua mdomo. Tulipofika Ilomba ndipo akaniambia, "Mama, mimi sijawahi kuomba kitu kwa mtu nisiyemjua." Iliniuma. Miaka 11 darasani, na hakuna aliyemfundisha hilo, nikiwemo mimi mama yake.

Ninachosema ni hiki: kazi ndogondogo za likizo zipo Mbeya hii, ila watoto tunawatoa nyumbani wakiwa mikono mitupu. Wenzangu mnawaandaaje? Na mnazipata wapi?

#2 FundiGeti_Iyunga

Mama, pole. Mimi nina karakana ya kuchomelea mageti na madirisha. Kila likizo wanakuja, na ninayemchukua ni yule anayenikuta asubuhi saa 1 nafungua kufuli, ananisalimia, anasema "baba naomba kazi, sijui kitu ila nitajifunza." Akiletwa na mzazi, mara nyingi wiki ya pili simwoni. Mwache aende mwenyewe.

#3 MkaziWaSae

Kabla hamjaenda mbali, tukumbushane: kumpa kazi mtu wa chini ya miaka 18 ni kosa kisheria. Ndiyo maana wenye maduka wanakwepa. Tusiwalaumu.

#4 KaratasiZaZamani

Mkuu #3, hapana, naomba nirekebishe. Nimefanya kazi za utumishi miaka mingi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14. Kuanzia 14 anaruhusiwa kazi nyepesi, isiyomdhuru afya wala makuzi, na isiyomkosesha shule. Mpaka afike 18 haruhusiwi mgodini, kiwandani, melini, wala sehemu nyingine yoyote ambayo mazingira yake ni hatarishi, na hapo mashamba na kazi zisizo rasmi zimo. Kisha ipo Sheria ya Mtoto ya 2009: asifanye kazi usiku, yaani kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, na ana haki ya kulipwa ujira wake. Kwa hiyo binti wa 15 kusaidia dukani mchana wakati wa likizo si kosa. Kumkalisha kwenye kibanda cha chipsi mpaka saa 5 usiku ni kosa.

Fundi #2, nawe uangalie. Cheche na ule mwanga si kazi nyepesi.

#5 FundiGeti_Iyunga

Nimekusikia mzee wangu. Wa chini ya 18 kwangu hashiki mashine. Anapima bomba kwa futi, anasugua kutu kwa msasa, anapaka rangi ya kwanza. Ninapochomelea anakaa nyuma ya pazia. Nilimwona kijana wa jirani macho yamevimba usiku kucha kwa kuangalia ule mwanga, sitaki mtoto wa mtu apate yale.

#6 Kamwene_Kihesa

Kamwene wote. Samahani Mama #1, sikubaliani na wewe. Tatizo ni kujuana, si maandalizi.

Nilipomaliza kidato cha nne hapa Iringa nilijiandaa vizuri tu. Nilinyoosha shati, nikachukua barua ya serikali ya mtaa, nikazunguka Miyomboni na Mlandege siku mbili. "Acha namba tutakupigia." Hakuna aliyepiga. Wiki ya tatu mjomba akampigia rafiki yake simu ya dakika moja, kesho yake niko duka la vitabu napanga madaftari. Shati lilikuwa lilelile.

#7 MpungaIgurusi

Nyote mnatafuta mjini, wakati kazi iko shambani. Mei mpaka Julai huku Mbarali watu wanavuna mpunga, mikono haitoshi. Uyole kwenyewe na Rungwe kuna viazi. Juni kahawa inaanza kuiva Mbozi, hapo hapo mkoani kwetu. Tatizo la huyo kijana ni msimu. Angetafuta kazi Februari, wakati wa mvua, angekosa hata kama ana maandalizi ya waziri.

#8 Tunduma_Njiapanda

Igurusi, Mbozi tulishawaaga mwaka 2016. Tuko mkoa wa Songwe. Kahawa yetu muiombe kwa adabu.

#9 MpungaIgurusi

Haya ndugu, ombi limewasilishwa. Baba yangu bado anasema "Mbozi, Mbeya", na Njombe kwake iko Iringa mpaka leo.

#10 BintiMufindi

Kuhusu shambani, niwape ya kwangu.

Nilichuma chai likizo mbili nikiwa na 16 na 17, mashamba ya wakulima wadogo. Asubuhi umande umejaa, unajifunga nailoni kiunoni la sivyo sketi inalowa mpaka mapajani. Unachuma majani mawili na chipukizi lake. Ukichanganya jani gumu, anayepokea anamwaga kikapu chini, unachambua upya mbele za watu. Siku ya kwanza nilipeleka kilo 9. Mama aliyekuwa mstari wa jirani alipeleka 40 na kitu, huku anaimba.

Kilichoniumiza ni mizani. Kila jioni walikata kilo za kikapu na za umande, na kiasi walichokata kilibadilika kila siku. Sikuwa na daftari. Mwisho wa mwezi nilipolipwa pungufu sikuwa na cha kuonyesha. Likizo ya pili nilikwenda na daftari la kurasa 40: tarehe, kilo zangu, kilo walizokata. Yule karani alipoona naandika, makato yakawa yaleyale kila siku.

Kwa hiyo Mama, kama ni maandalizi, mwanze na daftari.

#11 MamaUyole

BintiMufindi asante sana. Daftari limenunuliwa leo.

Igurusi, hoja ya msimu nimeielewa, ila kumpeleka Mbarali akalale kwa watu nisiowajua, moyo unakataa. Na nilitaka apate pesa kidogo ya kujiandaa na shule. Kidato cha tano godoro, shuka, ndoo, jembe, ada, vyote vinanisubiri mimi.

#12 Chaki_Isyesye

Mama, ada ya kidato cha tano na sita katika shule za serikali ilifutwa 2022. Hayo mengine kweli utanunua. Na kijana akinunua godoro lake kwa pesa yake analitunza. Nawaona mabwenini.

#13 MakaoChunya

Nasoma uzi huu nikiwa na uchungu wangu. Wa kwangu ni mdogo wangu.

Alikuwa kidato cha tatu. Likizo ya Juni akaniaga anakwenda kwa shangazi, kumbe amepita na wenzake mpaka machimboni. Alikuwa anabeba mawe kupeleka karashani, kwenye mashine ya kusaga mawe, wakati mwingine anaosha mchanga wa dhahabu kwa zebaki, mikono mitupu, ndoo moja wote. Julai akarudi na simu mpya na viatu. Mama akafurahi. Mimi pia nilifurahi, nasema kweli. Shule zilipofunguliwa alikwenda wiki mbili, wiki ya tatu hakuonekana. Alisema, "Mwalimu anapata shilingi ngapi kwa siku?" Sasa ana 22, anakohoa, na dhahabu hana.

Mnaosema mtoto atafute pesa, mjue pesa ya kwanza ina nguvu kuliko maneno ya mzazi. Maandalizi, kujuana, msimu, mimi sioni kama hayo ndiyo swali. Swali ni anakwenda kazi gani na anarudije shuleni.

#14 MkaziWaSae

#13 pole sana ndugu. Hili nililiogopa tangu mwanzo, ila nilishindwa kulisema vizuri.

#15 Ndaga_Ughaibuni

Ndaga kwa mada. Mimi ni wa Tukuyu, niko Marekani mwaka wa 14 sasa, nina watoto wawili wa umri huo.

Huku shule zinafunga kuanzia Juni mpaka Agosti, na kazi za kiangazi kwa vijana ni jambo la kila familia: kuhudumia mgahawani, kukata nyasi, kulinda waogeleaji, kusimamia kambi za watoto. Kuna sheria ya shirikisho ya 1938. Mtoto wa 14 au 15, shule ikiwa imefungwa, mwisho ni saa 8 kwa siku na 40 kwa wiki, na jioni asipite saa 3. Shamba lina kanuni zake. Majimbo kadhaa yanataka kibali cha kazi kabla hajaanza.

Nililojifunza kwao ni kwamba hawasubiri Juni. Wangu walianza kuulizia Machi. Shuleni waliandikishwa CV ya ukurasa mmoja, na binti yangu hakuwa na kazi yoyote ya kuandika, mwalimu akamwambia aandike kwamba analea mdogo wake na anapika Jumapili. Akaandika. Mwenye mgahawa alimuuliza habari ya kupika hiyo hiyo.

#16 Sweta_Forest

Kiangazi cha Juni, mwenzetu! Hapa Mbeya Juni mtoto anatoka na sweta mbili na anakunywa chai amekumbatia kikombe. Ila hoja ya kuanza kuulizia mapema umepatia.

#17 Kamwene_Kihesa

Ughaibuni, huko kuna fomu ya kujaza. Hapa kuna "wewe ni mtoto wa nani?" Nashikilia msimamo wangu.

#18 SteshenariSoweto

Nina steshenari ndogo, printa mbili na mashine ya kudurufu. Niongee kama mwajiri.

Majina ya kidato cha tano yakitoka, dukani kunafurika. Wazazi wanataka fomu za kujiunga zichapwe, picha ndogo, barua zidurufiwe, wote leo. Kila mwaka siku hizo natafuta kijana mmoja au wawili, na karibu kila mwaka namkosa anayefaa. Kujuana sina habari nako. Namkalisha kwenye kompyuta namwambia, "Fungua faili hili, chapa kurasa ya 3 mpaka ya 7, pande mbili." Wengi wana simu nzuri na wanaperuzi haraka kuliko mimi, ila hawajawahi kushika kipanya. Anabonyeza bonyeza, karatasi 40 zinatoka, hasara yangu.

Jaribio la pili: nampa noti ya 10,000, namwambia mteja kadurufu kurasa 13 kwa 100 kila moja, nirudishie chenji. Wengine wanatafuta simu. Anayesema "8,700" huku ananitazama usoni, huyo ameshapata.

Anayemtaka mwanawe aajirike mjini, ampeleke kwa jirani mwenye kompyuta wiki moja tu. Na wafanye mchezo wa chenji mezani, ni bure.

#19 Chaki_Isyesye

Umenigusa. Nafundisha hesabu, na mtoto anayepata B kwangu anaweza kuduwaa mbele ya chenji kwa sababu hakuna aliyemsimamia akimwangalia. Ni aibu, si ujinga.

Niongeze mambo ya karatasi. Mtoto wa chini ya 18 hana kitambulisho cha NIDA, kwa hiyo laini ya simu iko kwa jina la mzazi na malipo yatapita huko. Mzazi, ile pesa ikiingia kwako, mkabidhi yote mkononi aihesabu. Nimewahi kumwona mwanafunzi aliyeacha kabisa kutafuta kazi kwa sababu mshahara wa kwanza ulinunua mbolea ya nyumbani bila kuulizwa. Pia awe na nakala ya cheti cha kuzaliwa na barua ya mtendaji wa mtaa. Cheti halisi asimwachie mtu yeyote, hata akiambiwa ni dhamana.

#20 Ilula_Matenga

Mimi nilidhulumiwa na mtu. Likizo ya Desemba, nina 16, duka la nguo mjini, sitalitaja. Tulikubaliana kwa mdomo "tutaangalia mwisho wa mwezi". Nilifagia, nilipiga pasi, nilibeba mabalo. Mwisho wa mwezi akasema biashara ilikuwa mbaya, akanipa suruali moja. Suruali yenyewe ilinibana.

Baada ya hapo nilikwenda kwenye nyanya kwetu Ilula, kupanga kwenye matenga. Pale unalipwa kwa tenga, jioni hiyo hiyo. Kwa hiyo ushauri wangu: mtoto alipwe kwa siku au kwa wiki, na kiasi kitajwe kabla hajashika ufagio. Chakula cha mchana ni cha nani? Nauli? Aulize. Na nyanya zenyewe, kupanga sawa, kubeba bomba la dawa mgongoni akatae. Huwa wanawapa vijana kwa sababu hawajui kukataa.

#21 FundiGeti_Iyunga

Huyo wa suruali ndiye anayetuharibia wote tunaolipa.

#22 BabaIpogolo

Nauliza kwa nia njema. Kijana sawa. Huyo binti wa 15 kwa nini atafutiwe kazi? Likizo ya binti ni kumsaidia mama. Tukimtoa nje tunamtafutia matatizo.

#23 BintiMufindi

Baba, shikamoo. Likizo zote nilizokaa nyumbani nilichota maji, nilipika, nilifua, nilipalilia, na kaka zangu waliniambia sina kazi. Chai ndiyo iliyonunua sare yangu ya kidato cha tano. Matatizo unayoyaogopa yapo, ila yanamfuata binti asiye na pesa vilevile, na pengine zaidi.

#24 MamaLishe_Frelimo

Wote mna ukweli. Mimi Iringa naona kitu kingine kinachohusu mabinti, tukiseme wazi. Kila shule zikifungwa anakuja mama mmoja au kaka mmoja mwenye maneno mazuri, anatafuta "mabinti wa kazi za ndani, Dar, mshahara mzuri, likizo tu." Wazazi vijijini wanatoa. Likizo inaisha, mtoto harudi, namba ya simu haipatikani. Mpwa wangu tulimpata baada ya miezi mitano, Mbagala, hana hata senti.

Kazi ya likizo ni ile ambayo mtoto jioni analala kwao. Mzazi apaone mahali pa kazi, amjue mwenye kazi, wapeane namba. Nami naona mzazi aende siku ya kwanza, simuungi mkono Fundi kwenye hilo. Na mtoto akariri 116, ni Huduma ya Simu kwa Mtoto, kupiga ni bure.

#25 FundiGeti_Iyunga

Mama Lishe umenishinda. Basi mtoto aombe mwenyewe, akipata ndipo mzazi aje kuona. Nilimaanisha asiongee kwa niaba yake.

#26 MpungaIgurusi

Na bado nasema ni msimu. Hao wa steshenari wanatafuta watu majina yakitoka, wa nyanya zikiiva, mimi mpunga ukikauka. Mtu akijua kalenda hahitaji mjomba.

#27 MamaUyole

Wapendwa, nimerudi. Wiki mbili zimepita.

Tulifanya mchezo wa kuomba kazi mezani kila jioni baada ya ugali. Mimi muuza duka, yeye mwomba kazi, dada yake mteja msumbufu. Siku ya kwanza alicheka akashindwa kumaliza sentensi. Ya pili alisalimia akasahau kusema jina lake. Dada mtu ndiye aliyekuwa akimsahihisha, "toa mkono mfukoni", "usiseme nimetumwa". Siku ya nne alisema yote bila kusita: jina, anakokaa, yuko huru mpaka atakapopangiwa shule, anaweza kufika saa 1:30, anaomba ajaribiwe siku tatu.

Jumatatu akaondoka peke yake. Nilibaki dirishani mpaka daladala likaondoka. Alikwenda Soweto ya hapa Mbeya, akakataliwa sehemu tatu, ya nne ni duka la vipuri vya baiskeli. Mzee akamwagia gololi kwenye sinia, saizi zimechanganyika, akamwambia zitenganishe. Alikaa nazo saa nzima kimya. Kukaa kimya anakuweza! Mzee akamwambia arudi kesho.

Kesho yake nilikwenda nikamwona yule mzee, tukapeana namba. Shilingi 4,000 kwa siku na chakula, analipwa Jumamosi. Jumamosi alikuja na 20,000, akaziweka mezani, nikamwambia azihesabu mwenyewe kisha azitunze. Kwenye daftari kaandika: "Godoro, bado." Bei hajaandika, anasema ataulizia kwanza.

MakaoChunya, maneno yako niliyasoma naye kwa sauti. Hakusema kitu, ila aliniomba nirudie ile sehemu ya kukohoa.

#28 MakaoChunya

Asante kwa kumsomea. Dukani kwa baiskeli nimeridhika. Shule zikifunguliwa utuambie kama amekwenda.

#29 SteshenariSoweto

Gololi! Mzee huyo namjua kwa sura, yuko makini. Dada mtu je?

#30 MamaUyole

Dada mtu anafunga wiki ijayo. Anataka kujifunza kushona. Sina ninayemjua.

#31 FundiGeti_Iyunga

Mke wangu ana vyerehani vitatu pembeni ya karakana, na mabinti wawili anaowafundisha. Kazi ya mchana, saa 10 wanafunga. Wiki ya kwanza ni kukunja pindo na kutoa nyuzi, posho ndogo, chakula kipo. Aje.

#32 Kamwene_Kihesa

Mama, sasa hapo si kujuana? Umempata Fundi kwenye uzi huu.

#33 FundiGeti_Iyunga

Simjui hata jina. Aje Jumatatu saa 1, aombe kwa mdomo wake.

#34 MamaUyole

Atakuja. Mimi nitasubiri nje ya geti mpaka mniite.